Upande wa Kanisani na Upande wa Tanuruni

Saa kumi na moja na dakika sita alfajiri, tramu ya kwanza ya namba saba ilipomaliza kuzunguka kitanzi cha reli pale mwisho wa mtaa wa Karamidari, nyumba ya akina Hurduc ilijigeuza shibiri moja. Veturia Hurduc alikuwa amekaa kitandani akivaa soksi. Alishika ukingo wa kitanda mpaka nyumba ikatulia, kisha akavaa soksi ya pili. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, na kwa miaka arobaini na mitano alikuwa akivaa soksi kwa awamu.

Nyumba yenyewe iko katikati ya kitanzi. Tramu za mji wetu zilikuwa na kichwa kimoja mbele na milango upande mmoja tu, na kurudi nyuma hazikujua, kama punda wa mkokoteni. Zikifika mwisho wa njia ilibidi zizungushwe. Mwaka 1974, walipokuja kutandaza reli za kuzungukia, karatasi ya kuibomoa nyumba ya Hurduc ilikuwa imeandikwa kwa makosa namba ya nyumba ya mtaa mwingine. Hiyo ya mtaa mwingine ikabomolewa, na hii ikazungushiwa reli.

Kila tramu ilipozunguka, nyumba nayo ilijigeuza shibiri moja. Tramu zilikuwa mia na themanini kwa siku, na shibiri mia na themanini ndizo zinazotimiza duara la nyumba ile, kwa hiyo ilianza siku na kuimaliza ikitazama pale pale. Jumapili tramu zilikuwa nusu. Nyumba ilifika nusu ya safari ikalala inatazama kinyume, na wiki nzima iliyofuata mambo yote yakawa kinyume.

Watu walizoea mapema, maana binadamu huzoea hata kiatu kinachobana. Mama wa posta alisoma kwanza ratiba ya tramu ndipo akapeleka barua, ajue mlango utakuwa wapi. Nyanya za Veturia ziliiva pande zote sawasawa. Makinda ya korongo yaliyozaliwa juu ya dohani yalipoanza kuruka yaliruka kwa kuzunguka, na ilibidi majirani wayaelekeze kwa fagio hadi mtoni. Ofisi ya barabara iliwahi kuleta barua kwamba chombo chochote kinachotembea lazima kiwe na taa nyekundu nyuma. Veturia na mdogo wake Pompiliu wakanunua taa, lakini hawakuelewana nyuma ni wapi, ikabaki kwenye boksi lake.

Lakini wosia wa baba yao ulikuwa shughuli nyingine kabisa.

Mtaani kwetu hatuna kulia wala kushoto. Tuna kanisani na tuna tanuruni, basi. Kanisa liko upande wa mtoni, tanuru la matofali liko upande wa mashamba, na kila kitu duniani kiko upande mmojawapo. Ukiumwa jino unamwambia daktari ni lile la upande wa kanisani, naye anakiweka kiti chake sawasawa kwanza ndipo akuguse. Kwa hiyo mzee Simion Hurduc, alipoona siku zake zimekwisha, alimwita wakili akasema nusu ya nyumba inayotazama kanisa ni ya mwanangu Pompiliu, na nusu inayotazama tanuru ni ya binti yangu Veturia. Hakutaja chumba hata kimoja. Nani angetaja vyumba, na kanisa lipo?

Nusu ya kanisani ilikuwa na jiko: lile jiko kubwa la chuma la kuni, bomba la maji, meza, na dirisha la jua. Nusu ya tanuruni ilikuwa na vyumba viwili vya baridi na moshi wa matofali. Veturia ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa miaka mitatu. Ndiye aliyemuuguza mzee miaka tisa, akamlisha kwa kijiko, akambadilisha shuka, akawalisha pia mdogo wake na jamaa waliokuja kumjulia hali mgonjwa, na muda wote huo yeye alikula wima, mgongo kwenye bomba, sahani mkononi. Pompiliu wakati ule alikuwa anajifunza kupiga kordiani, kile kinanda cha kufungua na kufunga. Wakili alithubutu kuuliza kama hesabu ile haijakaa upande. Mzee akamjibu kwamba mwanamume asipopewa jiko atapikiwa wapi.

Akafa. Siku ya arobaini, walipokuwa wanagawa ngano tamu ya marehemu uani, tramu ya kwanza ya kichwa kimoja ikaingia kwenye kitanzi, na nyumba ikaanza. Kufikia saa tisa alasiri jiko lilikuwa linatazama tanuru. Veturia alisimama mlangoni na wosia mkononi, akausoma mara mbili, akaenda kuchukua godoro lake akalihamishia jikoni.

Pompiliu alikimbia kumleta wakili. Wakili akaja, akatazama kanisa, akatazama tanuru, akala bakuli mbili za ngano.

"Wosia hausemi jiko, kijana," akasema. "Unasema kanisa. Kama una malalamiko, kaliambie kanisa lisogee."

Basi ikawa hivyo. Mara mbili kila siku nyumba ilipofika katikati, ikawa imekaa kikingamo, si kanisani si tanuruni, ndugu wawili walitoka vyumbani wakapishana kwenye korido na mali zao. Veturia alibeba godoro, mto na sufuria yake ndogo. Pompiliu alibeba godoro, redio na kordiani, kisha akarudi kulivingirisha pipa lake la kabichi ya chumvi, ambalo alisema ni urithi wake na haliachwi chini ya ulinzi wa mtu mwingine. Kabichi ile ilitikiswa vizuri mara mbili kwa siku kwa miaka arobaini na mitano, na hakuna mtaani aliyekuwa na kabichi tamu kama yake. Kwenye korido waliambiana mambo ya lazima: angalia mguu, shika hapa, kuni zimeisha. Hawakuwa wamegombana. Hawakuwa na la kuongeza tu.

Wiki moja jiko lilikuwa la Veturia mchana, wiki nyingine likawa lake usiku mpaka asubuhi. Kwake ilikuwa mamoja. Aliwasha moto mdogo, akapika chakula cha mtu mmoja, akakaa kwenye kiti dirishani, akala. Hakuna aliyemwita. Alipomaliza alikuwa na sahani moja ya kuosha, na siku nyingine hata hiyo aliiacha hadi apende. Alizipenda saa zile kuliko kitu chochote hapa duniani, na hakuwa anaficha. Ukimuuliza alikwambia hivyo hivyo, kwamba yeye amebarikiwa na tramu.

Pompiliu zikifika saa zake alikaa mbele ya jiko baridi. Miaka arobaini na mitano hakujifunza kuliwasha. Alikula kabichi na mkate, akapiga kordiani, akasubiri. Wanawake wa mtaa walimwonea huruma sana, maskini, mwanamume mzima na hapati supu ya moto. Wengine walimpelekea. Kumwuliza Veturia alivyokula ile miaka tisa hakukumjia mtu akilini.

Habari ya tramu mpya aliileta Eftimie, dereva mzee kuliko wote wa namba saba, ambaye kwa kawaida alisimamisha tramu kidogo kwenye kitanzi ili anywe kahawa dirishani kwa Veturia. Siku hiyo aliingoja kahawa ipoe kabisa.

"Wanaleta za vichwa viwili, dada," akasema. "Zikifika hapa dereva anashuka kichwa hiki anakwenda kukaa kichwa kile, anarudi alikotoka. Hazizungushwi."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba itakaa hapo itakapokaa."

Tramu ya mwisho ya kichwa kimoja ingezunguka Ijumaa saa nne asubuhi, kwa sherehe. Veturia alimwaga maharage mezani akaanza kuhesabu. Wiki ile asubuhi zilikuwa za Pompiliu, kwa hiyo Ijumaa jiko lingeamka linatazama kanisa. Tramu ya arobaini na tano ingeifikisha nyumba kikingamo. Baada ya hapo, hata ikizidi upana wa kidole, jiko lingekuwa limeelemea tanuruni, na hapo lingebaki mpaka kiama, lake peke yake, mchana na usiku. Kwa ratiba, hadi saa nne zingezunguka tramu hamsini. Alirudia kuhesabu mara tatu, na mara zote tatu maharage ya ushindi yalikuwa matano. Akayapika hayo matano peke yake akayala.

Upande wa pili wa ukuta Pompiliu naye alikuwa anahesabu, kwa kalamu, kwenye ukingo wa gazeti. Mwanamume huyu alikuwa hajaamka kabla ya saa mbili tangu alipotoka jeshini. Ijumaa ile saa kumi na moja alfajiri alikuwa amesimama katikati ya reli akimuuliza dereva njia ya kwenda kanisani.

"Si lile pale, mzee?" dereva akasema.

"Lile naliona. Nauliza njia."

Zikapotea dakika sita. Kwa dereva wa tramu iliyofuata alitaka kujua kama mtu anaweza kusafiri na kordiani, na kama kordiani inahesabika ni abiria anapoifungua au anapoifunga. Kufikia saa moja tramu zilikuwa zimepanga foleni mpaka kwenye daraja. Veturia alipoona hivyo aliingia kwenye nusu yake ya baridi, akatoka na sinia la matonge ya viazi yenye plamu ndani, ambayo alikuwa ameyapika tangu jana kwa kuwa anamjua mdogo wake. Kila dereva alipewa tonge, na kila aliyekula tonge alizunguka kitanzi mara mbili. Msimamizi wa kituo alifungua kitabu cha kanuni. Akakuta kanuni inasema tramu izunguke, haisemi iache lini, akaomba tonge naye.

Saa mbili na nusu Pompiliu akalileta pipa. Alilivingirisha mpaka juu ya reli, akaliwekea mawe, akakaa juu yake. Madereva wanne walimbembeleza. Wakati wa kumshusha pipa lilipinduka, kabichi ikamwagika kwenye njia panda ya reli, na kwa kuwa ilikuwa kabichi ile inayosifiwa mtaa mzima, madereva, abiria na mama wa posta waliinama kuiokota na kuila. Ilichukua muda, maana wengine walitaka na mkate.

Ilipokaribia saa nne bendi ya wazimamoto ilikuwa imefika, na mkubwa wa ofisi ya tramu amefika na mkasi. Saa nne kasoro dakika tatu tramu ya arobaini na tano ikamaliza kuzunguka. Nyumba ikatulia kikingamo. Ilikuwa imebaki moja tu, ile ya Eftimie, iliyofungwa maua na utepe, na hiyo moja ilitosha. Veturia alisimama kwenye kizingiti cha jikoni na godoro lake limekunjwa mkononi. Pompiliu alijilaza kwenye reli, lakini bendi ilikuwa inapita hapo hapo na ikamwinua.

Eftimie akaingia kwenye kitanzi polepole. Saa nne kamili, tramu ikiwa nusu ya duara, ikazimika. Amri ya kukata umeme ilikuwa imesainiwa saa nne, na fundi wa umeme ni mtu wa saa.

Nyumba ilikuwa imejigeuza nusu shibiri kuelekea tanuruni.

Veturia alimwita yule mkubwa mwenye mkasi akamuuliza kama imekwisha. Mkubwa akatazama saa yake akamwambia imekwisha, bibi, na kukata utepe akakata. Basi Veturia akaingia jikoni, akatandaza godoro, akaweka sufuria yake ndogo juu ya jiko, akafunga mlango. Halafu akakaa dirishani akalia kwa furaha, kwa sauti, bila kujifuta, bendi inapiga nje.

Pompiliu aligonga mlango taratibu.

"Dada. Sasa mimi nitakula nini?"

"Kabichi."

"Imeliwa yote."

"Basi jifunze kuwasha moto, Pompiliu. Una miaka sabini. Umri unaruhusu."

Hiyo furaha ilidumu dakika arobaini. Alichemsha viazi viwili akavila na siagi, akajimiminia kikombe kidogo cha pombe ya plamu. Alikuwa anafikiria mapazia aweke ya rangi gani, sasa kwa kuwa jua lingekuwa linaingia upande mmoja tu, aliposikia trekta.

Tramu ya Eftimie ilikuwa imefunga njia, na ile ya vichwa viwili ilikuwa inangoja nyuma yake kwa mbwembwe, watu wote wamepanda. Trekta lilikuwa limefungwa mnyororo nyuma ya tramu. Eftimie alisimama mbele ya trekta akaeleza kwamba tramu hii haijawahi kwenda kinyumenyume maisha yake yote, na kwamba mle ndani ya kitanzi kuna mtu anaishi. Mkubwa wa ofisi akamwambia maisha ya tramu yamekwisha saa nne, kwa hiyo inaweza kwenda inavyovutwa.

Trekta likavuta. Tramu ikarudi nyuma kwa kelele hadi mwanzo wa kitanzi, na nyumba ikarudi nayo, polepole, nusu shibiri ileile. Vikombe vikagongana kabatini. Eftimie akavua kofia. Veturia alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili kana kwamba angeweza kuizuia, na nyumba ilipotulia ilikuwa kikingamo, si kanisani si tanuruni, na haijasogea tena mpaka leo.

Jumatatu ofisi ya ardhi ikamtuma Bwana Zamfir, mpima ardhi, mtu mpole mwenye suruali iliyopigwa pasi. Alikuja na mpira wa kamba nyekundu, wosia na penseli nne. Alisema kazi ni nyepesi: nyumba imekaa kikingamo, basi mpaka unapita kikingamo pia, kwa hiyo kila chumba kinakatwa katikati, nusu kanisani, nusu tanuruni. Alifunga kamba kwenye bawaba ya dirisha, akaipitisha juu ya jiko, juu ya meza, juu ya kitanda cha chumba cha kwanza na kabati la chumba cha pili, akaitoa nje kwa tundu la panya. Jiko la kuni lilikatwa vizuri mno. Mlango wa kutilia kuni na sanduku la majivu viliangukia tanuruni, kwa Veturia. Bati la juu, linalopata moto, liliangukia kanisani. Meza ilikuwa na kiti kimoja dirishani, nacho kikaangukia kanisani. Bomba, sinki na kabati la vyombo vikawa vya Veturia.

"Hata ningetumia wembe," Bwana Zamfir akasema, "nisingepata nusu kwa nusu safi kama hii."

Akaandika cheti, akagonga muhuri, wakasaini wote. Majirani walikuja kuangalia kamba na wote wakaridhika. Walisema damu nzito kuliko maji, tazama sasa, baada ya miaka yote ile ya kuhamahama na magodoro kama wakimbizi, ndugu wamerudi kwenye meza moja, na haki imepatikana bila hata kesi. Wanawake walimpongeza Veturia kwa namna ya pekee, kwamba sasa na yeye ana jiko saa ishirini na nne. Mama wa posta alisema afadhali, mlango utakuwa mahali pake.

Mgeni akiwa ndani ya nyumba hawezi kuachwa na njaa, huo ndio utaratibu wetu, kwa hiyo Veturia alitia kuni upande wake. Sufuria ikachemka upande wa Pompiliu. Ilikuwa sufuria kubwa, ile ya zamani, aliyoishusha kutoka darini asubuhi hiyo kwa sababu ile ndogo isingetosha. Bwana Zamfir aliletewa kigoda akakaa kanisani, karibu na dirisha, kwenye jua. Pompiliu alikaa kwenye kiti. Tanuruni hakukubaki nafasi ya kigoda, kati ya kamba na sinki, na Veturia alisimama na sahani yake mkononi, mgongo kwenye bomba.

Supu ilikuwa nzuri. Pompiliu alifunga macho. Alisema hajala supu kama hii nyumbani kwake tangu mzee alipokuwa hai, na alisema kwa moyo wake wote, machozi yakimlengalenga.

"Chumvi, dada," akasema.

Veturia akampitishia chumvi juu ya kamba. Akamtazama mdogo wake akila, kisha akamtazama mpima ardhi.

"Bwana Zamfir," akasema, "hicho cheti kinasema nani anaosha vyombo?"

Bwana Zamfir alikuwa mtu wa haki na hakutaka kujibu kwa kubahatisha. Alikikunjua cheti, akafuata mstari kwa penseli toka dirishani hadi kwenye tundu la panya, akarudi tena jikoni akapima kwa kidole.

"Sinki liko tanuruni, mama," akasema.

Akamalizia supu yake kwa kipande cha mkate. Akaweka sahani yake juu ya ya Pompiliu, vijiko juu, akanyanyuka akazipitisha upande wa pili kwa uangalifu mkubwa, asije akagusa kamba. Veturia akazipokea, akafungua maji.